Laptopu ya Mwanafunzi: Bei ya Dukani Siyo Bei Yote

Mkulima wa chai pande za Kianyaga anajua kusubiri. Majani yanachumwa mwaka mzima, malipo ya kila mwezi yanaishia kwa wachumaji, mbolea na unga, halafu ile pesa yenye uzito, bonasi, inaingia karibu na mwezi wa kumi. Shida ni kwamba vyuo havisubiri bonasi. Barua inamtaka mtoto afike chuoni mwezi wa nane au wa tisa, na kabla hata sanduku halijapakiwa, amesema: "Mama, wenzangu wote wanaenda na laptopu."

Hivyo ndivyo mzazi anajipata ndani ya duka Kutus, Kerugoya au Embu, simu mkononi, mbele ya mashine mbili zenye bei karibu sawa. Moja ni mpya, iko kwa boksi, nailoni haijatolewa. Nyingine ilitumika ofisini ng'ambo na ina mikwaruzo pembeni.

"Mama, chukua hii mpya," muuzaji anasema. "Hii nyingine ni mtumba tu."

Wengi wetu tungechukua mpya. Wakati mwingine tungekuwa sawa. Lakini kwa mwanafunzi wa miaka minne, mara nyingi ile yenye mikwaruzo ndiyo iliyotengenezwa vizuri zaidi, na ndiyo itakayokugharimu kidogo ukijumlisha yote. Tuangalie kwa nini, halafu tuone jinsi ya kulipa bila kulia baadaye.

Mpya ya bei ya chini: umenunua nini?

Kampuni ikitaka kuuza laptopu mpya kwa bei ya chini, lazima ipunguze mahali. Kwanza inapunguza nguvu. Nyingi za aina hii zina prosesa ya Celeron, mfano N4020 yenye viini viwili tu, RAM ya 4GB na hifadhi ya 64GB au 128GB. Sasa jua hili: 4GB za RAM na 64GB za hifadhi ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Microsoft inaruhusu kwa Windows 11. Yaani unaanza safari tanki ikiwa karibu na mstari mwekundu. Mtoto akifungua kurasa kumi za intaneti, faili ya kazi na darasa la video kwa wakati mmoja, mashine inaanza kuvuta miguu.

Pili, mara nyingi RAM na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi. Fundi hawezi kukuongezea. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho.

Tatu ni mwili wenyewe. Angalia bawaba, zile hinji zinazoshika kifuniko. Kwenye laptopu nyingi za bei ya chini, skrubu za hinji zimeshikwa na plastiki nyembamba. Kila ukifungua na kufunga, plastiki inavutwa. Siku moja unasikia "ta!" na kifuniko kinaachana na mwili. Ukipeleka kwa fundi atakubandikia na gundi, na gundi haidumu.

Lakini tuwe wa haki. Laptopu mpya ina betri mpya, haina historia ya mtu mwingine, na kwa kawaida ina waranti. Kama kazi ni kuchapa barua, kuweka hesabu za duka na kusoma barua pepe, inaweza kukutosha kabisa. Ubaya unakuja tukiinunua kwa kazi ambayo haikutengenezewa.

Ile yenye mikwaruzo ilitoka wapi?

Makampuni makubwa Ulaya na Marekani hununua laptopu za kiofisi kwa mamia, yakazitumia miaka mitatu au minne, kisha yakaziuza kwa pamoja. Hizo ndizo zinafika Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kutoka hapo zinapanda hadi miji ya Mlima Kenya. Majina utakayoyaona sana ni Lenovo ThinkPad, HP EliteBook na Dell Latitude. Zikiwa mpya, hizi ni mashine za bei ya juu. Bei imeshuka kwa sababu zimetumika. Muundo wake haujabadilika.

Chukua ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018. Imepimwa kwa viwango vya jeshi la Marekani vya kustahimili mitikisiko, vumbi, joto na baridi. Kibodi yake ina njia za kupitisha maji yakimwagika, ingawa hiyo si ruhusa ya kuwekea kikombe cha chai juu yake. Ina nafasi mbili za RAM, hivyo fundi anafungua na kuongeza. Ina betri mbili, moja ndani na moja unayoweza kuchomoa kwa nje bila mashine kuzima. Mtu ambaye stima humpotelea katikati ya kazi anajua thamani ya jambo hilo.

Na nguvu? Prosesa ya i5-8250U inayopatikana ndani ya T480 nyingi ina viini vinne, mara mbili ya ile Celeron N4020.

Mtego wa mwaka mmoja

Hapa ndipo watu wengi wanachomwa. ThinkPad T470 ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018 zinafanana sana kwa macho. Lakini Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel za aina hii, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane. Kizazi cha sita na cha saba viko nje, isipokuwa vichache sana.

Huhitaji kuwa mtaalamu kujua. Fungua ukurasa wa mipangilio unaoonyesha jina la prosesa, usome namba iliyo baada ya kistari. i5-8350U inaanza na 8: ni kizazi cha nane, iko sawa. i5-7300U inaanza na 7, na i5-6300U na 6: hizo zimepitwa. Kwa EliteBook 840, G3 ni kizazi cha sita na G5 kwa kawaida ni cha nane. Usitosheke na jina lililoandikwa kwenye kifuniko. Soma prosesa yenyewe.

Na muuzaji akikuambia, "Lakini hii tayari iko na Windows 11," bado soma. Kuna njia za mkato za kuiingiza kwa nguvu kwenye mashine zisizokubalika. Inafanya kazi leo, lakini Microsoft haikuahidi kuiendeleza kesho.

Na zile ghali kabisa?

Mzazi mwenye uwezo atauliza kuhusu MacBook. MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ina mwili wa alumini, haina feni ya kufyonza vumbi letu jekundu, na chaji yake inakaa. Ni mashine nzuri. Lakini RAM na hifadhi haziongezwi, skrini ikipasuka bei ya kuibadilisha itakushtua, na wezi wa hosteli wanaijua kwa sura. Tena uliza kwanza kama programu za kozi ya mtoto zinafanya kazi ndani yake. Baadhi ya programu za uhandisi ni za Windows pekee.

Bei ya juu pia haizuii makosa. MacBook nyingi za kati ya mwaka 2015 na 2019 zilikuwa na kibodi nyembamba ambayo chembe ya vumbi ingeweza kukwamisha herufi. Mwaka 2022 Apple ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja huko Marekani. Nyingi za aina hiyo bado zinauzwa mtumba. Ukiuziwa kwa bei ya kushangaza, uliza ni ya mwaka gani.

Hesabu ya miaka minne

Sasa tuhesabu. Bei hubadilika kila wiki, kwa hivyo chukua hizi kama mfano, kisha uweke zako.

Mpya ya bei ya chini: KSh 32,000. Tuseme inahudumu miaka miwili kabla ya hinji au kasi kukushinda. Kwa kozi ya miaka minne utanunua mbili: KSh 64,000, yaani 16,000 kwa mwaka.

Ya ofisi iliyotumika: KSh 34,000. Ongeza betri 5,000 na RAM 4,000, ifike KSh 43,000. Ikimaliza miaka minne, ni 10,750 kwa mwaka.

Mpya ya bei ya juu: KSh 140,000. Hata ikikaa miaka saba, ni 20,000 kwa mwaka, na ikiibiwa mwaka wa kwanza, zote zimeenda.

Tofauti ya 32,000 na 34,000 dukani ilikuwa ndogo sana. Tofauti ya 64,000 na 43,000 ni shilingi 21,000. Hiyo ni pesa ya nauli, chakula na vitabu.

Bonasi kuliwa kabla haijafika

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi: haraka. Ni mwezi wa nane, pesa haipo, na duka linasema, "Lipa mdogo mdogo, Mama, chukua leo." Tuseme ile ya 32,000 inataka amana ya 8,000 na kisha 3,500 kila mwezi kwa mwaka mmoja. 3,500 mara 12 ni 42,000. Ongeza amana: 50,000. Umelipa 18,000 zaidi kwa mashine ileile, na bonasi ya mwezi wa kumi tayari ina mwenyewe.

Kusubiri miezi miwili kunakuokolea hizo 18,000. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuanza na maabara ya kompyuta ya chuo na simu yake. Kama kozi yake inadai laptopu wiki ya kwanza, basi kopa ukijua hesabu: omba uandikiwe jumla yote kwa shilingi, siyo malipo ya mwezi pekee, ulinganishe na bei ya pesa taslimu. Na mwaka ujao, kama unaye mwingine anayemaliza kidato cha nne, anza kufungia kidogo kidogo kwenye akiba ya simu kila malipo ya majani yanapoingia. Shilingi 2,500 kwa mwezi ni 30,000 kwa mwaka.

Dakika ishirini dukani

Usione haya kumchelewesha muuzaji. Ni pesa yako.

Fungua kifuniko mara kadhaa. Kisitetemeke wala kulia. Shika kona moja uinue. Mwili usijikunje kama kadibodi.

Bonyeza kila herufi. Jaribu kamera, sauti, Wi-Fi na kila tundu la pembeni. Fungua ukurasa mweupe uangalie madoa kwenye skrini.

Pima betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti. Itakuonyesha uwezo betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ikiwa ilikuwa 50,000 na leo inajaa 25,000, nusu imekwisha. Teremsha bei kwa gharama ya betri mpya.

Izime uiwashe upya. Bonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell inapowaka. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache. Huenda bado imefungwa na kampuni iliyokuwa nayo. Kwa MacBook, hakikisha akaunti ya mwenye zamani imeondolewa mbele yako.

Ukifika kulipa

Lipa baada ya kujaribu, siyo kabla. Ukiagiza kutoka Nairobi kwa mtu usiyemjua, kataa maneno ya "tuma pesa kwanza, mzigo uko kwa matatu." Tafuta duka linalokubali malipo mzigo ukifika, au mtume ndugu aliye jijini akaikague.

Lipa kwa till au paybill ya duka badala ya namba ya mtu binafsi. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa tofauti na jina lililo kwenye risiti, simama uulize. Huna haja ya kutoa pesa taslimu na kutembea nayo sokoni.

Dai risiti iliyo na namba ya siri ya mashine, aina ya prosesa, RAM, hifadhi, na muda wa waranti. Neno la mdomo halina nguvu mbele ya mtu yeyote. Hifadhi pia ujumbe wa malipo. Kumbuka kwamba huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea namba. Haiamui kesi ya laptopu mbovu.

Mambo yakiharibika, una pa kusimamia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo kikamilifu, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi KSh milioni moja. Risiti na ule ujumbe kwenye simu ndio ushahidi wako.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia tena, "Chukua mpya, Mama," mjibu kwa upole: "Asante kijana wangu, lakini niwashie zote mbili kwanza." Kisha uvute kiti.