Paka mwenye hofu: jinsi ya kumtuliza, na kuwakinga watoto wasiumwe



Katika toleo hili tunazungumzia mnyama anayeishi katika nyumba nyingi za Dzaleka, lakini ambaye mara chache anatajwa katika mafundisho ya afya: paka. Wengine kati yetu wanamwita pusi, wengine nyau, na majirani zetu Wamalawi wanamwita mphaka. Kazi yake inajulikana. Panapowekwa mahindi, unga au maharage, panya hufika, na panya huchafua chakula kwa mkojo na mavi yake. Paka akiwepo, panya hupungua.

Huenda utauliza: watu wenyewe wana shida nyingi, kwa nini tuzungumze juu ya hofu ya paka? Jibu ni kwamba paka aliyetulia ni nadra kuuma mtu. Paka wa nyumbani, hata yule mpole anayelala na watoto, huuma au kuparura anapoogopa na mtu akamshika kwa nguvu. Jeraha la paka linaweza kuoza haraka, na kama paka ana kichaa cha mbwa, linaweza kuua. Kwa hiyo kumtuliza paka ni sehemu ya kulinda afya ya nyumba.

KWA NINI PAKA ANAOGOPA?

Mbwa hufuata watu wake, lakini paka hushika zaidi mahali. Anajua nyumba kwa harufu: kona anayolala, mlango anaopitia, ukuta anaojisugulia mashavu. Vitu hivyo vikibadilika ghafla, hajui tena kama yuko salama. Kuhama nyumba, ngurumo za mvua kwenye bati, muziki mkubwa wa sherehe, wageni wengi ndani, moto, au ukuta wa udongo uliobomoka wakati wa masika, vyote hivyo vinamtisha.

Dalili za paka mwenye hofu ni hizi:

- masikio yamelala nyuma;
- mboni za macho zimepanuka sana;
- mkia na manyoya ya mgongo vimesimama;
- anajikunja chini, anatoa sauti ya kufoka;
- anajificha, hali, au anajisaidia ndani ya nyumba.

Huo si ukaidi, wala si uchawi. Paka anayelia usiku katika nyumba mpya anatafuta njia ya kwake. Kumpiga humwongezea hofu, na hofu ikizidi ndipo anapouma.

KANUNI YA KWANZA: MPE MAHALI PA KUJIFICHA

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili. Paka akiwa na mahali pa kujificha hutulia mwenyewe. Boksi la katoni lililolazwa ubavu, kikapu, au nafasi chini ya kitanda inatosha. Weka humo kitambaa chenye harufu ya nyumbani, kwa mfano kipande cha kitenge cha zamani. Kisha mwache. Usimvute kwa mkia wala kwa mguu, na usiruhusu watoto wamzunguke. Ongea kwa sauti ya chini na usimkazie macho. Atatoka mwenyewe akiwa tayari, wengine baada ya saa moja, wengine baada ya siku mbili au tatu.

WAKATI WA KUHAMA

Familia nyingi za Dzaleka zinajua kuhama kwa haraka ni nini. Mwezi wa Machi 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi wa Mei mwaka huo operesheni ya polisi ilianza Lilongwe. Safari kutoka mjini hadi hapa Dowa ni kama kilomita 45 tu, lakini anayefungasha vitu vyake kwa saa chache hana nafasi ya kumkimbiza paka juu ya paa. Kwa hiyo matayarisho hufanywa siku za amani.

1. Tafuta kikapu chenye kifuniko, au katoni imara iliyotobolewa matundu pande zote. Kiache wazi ndani ya nyumba siku zote, na mara moja moja weka humo kichwa cha dagaa au cha usipa. Paka akizoea kulala humo, siku ya safari hutapigana naye.

2. Usimlishe saa chache kabla ya safari, asije akatapika. Maji anaweza kunywa.

3. Ukilazimika kumshika akiwa na hofu, mfunike kwanza na blanketi au taulo nene, kisha mwinue pamoja na nguo hiyo, miguu yote ikiwa ndani. Kazi hii ni ya mtu mzima, si ya mtoto.

4. Usimfunge ndani ya mfuko wa plastiki au gunia la nailoni. Hakuna hewa, na joto linaweza kumuua. Kama huna kingine, tumia gunia la katani lenye kupitisha hewa, kwa muda mfupi tu.

5. Ndani ya minibasi mweke miguuni au mapajani, kikapu kikiwa kimefunikwa na kitambaa chepesi. Asiwekwe kwenye buti wala chini ya mizigo. Kwenye matola asikae juani. Akianza kuhema mdomo wazi, joto limemzidi: mpeleke kivulini na mpe hewa.

6. Mkifika, mfungie katika chumba kimoja pamoja na maji, chakula kidogo na beseni la mchanga. Chukua kitambaa laini, mpanguse mashavuni, kisha pangusa kitambaa hicho kwenye kona za ukuta na miguu ya kitanda. Harufu yake mwenyewe humwambia kwamba hapa ni kwake.

7. Kwa muda wa wiki mbili au tatu usimwache atoke peke yake. Paka anayetolewa mapema huondoka kutafuta nyumba ya zamani na kupotea njiani. Kama nyumba haifungiki vizuri, jitahidi angalau usiku.

MVUA, KELELE NA MOTO

Mvua kubwa hapa huanza mwezi wa Novemba. Mawingu yakikusanyika, mwingize paka ndani mapema na uache boksi lake mbali na mlango. Fanya hivyo hivyo siku za sherehe zenye spika kubwa.

Moto ukitokea, watu kwanza. Toa watoto, wazee na wagonjwa, na acha mlango wazi. Paka akipata njia, mara nyingi hutoka mwenyewe. Usirudi ndani ya nyumba inayowaka kwa ajili ya mnyama. Baadaye mtafute karibu, jioni kukiwa kimya, ukiita kwa sauti aliyoizoea.

DAWA ZISIZOFAA

Baadhi ya watu hujaribu kumtuliza paka kwa dawa za binadamu. Ni hatari kubwa. Parasetamoli, hiyo Panadol tunayomeza kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kwa paka. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Usimpe pia aspirini, vidonge vya usingizi wala pombe.

Dawa ya viroboto ya mbwa au ya kuogeshea ng'ombe isipakwe kwa paka. Baadhi zina permethrini, ambayo inaweza kumtetemesha hadi kufa. Nyumba inapopuliziwa dawa ya mbu, mtoe paka hadi kuta zikauke. Nayo sumu ya panya inayouzwa sokoni ni hatari mara mbili: paka hula panya aliyekufa kwa sumu, na mtoto huokota chambo. Mwenye paka hana haja ya sumu hiyo.

UKIUMWA AU KUPARURWA

Jino la paka ni jembamba kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini uchafu umeingia ndani sana. Fanya hivi:

- Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Hesabu kwa saa.
- Usipake majivu, udongo, pilipili, mafuta wala majani.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni kidogo. Mhudumu ataamua juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ya pepopunda, na dawa za kuzuia usaha.
- Mweleze paka ni wa nani, kama amechanjwa, na kama aliuma kwa kuchokozwa au bila sababu.
- Usikimbilie kumuua paka. Kama inawezekana bila hatari, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, inamsaidia mhudumu kujua kama kuna hatari. Lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende kituoni.

Kichaa cha mbwa, ambacho hapa Malawi kinaitwa chiwewe, huzuilika kwa chanjo baada ya kuumwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Paka aliyebadilika ghafla, anayeshambulia bila kuguswa, anayetokwa na udenda, au anayeburuta miguu, si paka wa kutulizwa. Usimguse. Waondoe watoto na toa taarifa haraka kwa viongozi wa eneo lako au wa afya.

Paka huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, na kurudia kama mganga wa mifugo atakavyoelekeza. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya ya Dowa, na kampeni ya chanjo ikitangazwa mpeleke paka ndani ya kikapu, si mikononi mwa mtoto. Mjini Lilongwe kuna shirika la LSPCA linaloshughulikia mbwa na paka, pamoja na chanjo na kufunga uzazi.

MASWALI

Je, nimlishe nini wakati chakula chetu hakitoshi?
Posho ya watoto ni ya watoto. Paka anayewinda hujitafutia sehemu kubwa. Vichwa na miiba ya usipa, au ugali uliolowekwa katika maji ya samaki, vitamsaidia. Usimpe kitunguu, ni sumu kwake. Maji safi ni bora kuliko maziwa, ambayo huwaharisha paka wengi. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili ni mgonjwa, si mwenye hofu tu.

Mimi ni mjamzito. Nimfukuze paka?
Hapana. Lakini mavi ya paka yanaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine asafishe beseni la mchanga kila siku na kufukia uchafu mbali na bustani. Wewe nawa mikono kwa sabuni baada ya kugusa udongo, osha mboga, na ivisha nyama vizuri.

Familia yetu inahamishiwa nchi nyingine. Paka tumfanyeje?
Kwa kawaida safari hizo hazichukui wanyama. Msimfungie ndani, wala msimtupe sokoni. Mchague jirani mapema, paka aanze kula kwake nanyi mkiwa bado hapa. Siku ya kuondoka mpeni jirani kikapu chake na kile kitambaa bila kukifua. Waelezeni watoto wenu ukweli, na waacheni wamuage. Mtoto aliyekwisha kuacha mengi nyuma atapata nafuu akijua paka wake yuko kwa nani.

KUMBUKA: Mahali pa kujificha, mikono ya upole, chanjo kwa wakati, na sabuni kwa dakika 15. Msomee jirani yako ukurasa huu, hasa mwenye watoto wadogo.