Uzito wa Hewa na Pampu ya Kisima



Chama chaweza kupata hasara kwa kutojua jambo lililokwisha kuthibitishwa tangu karne ya 17. Hununuliwa pampu ya kufyonza maji, ikawekwa ukingoni mwa kisima ambacho maji yake yako mita 12 chini. Injini hunguruma, wala maji hayapandi. Fundi hulaumiwa, muuzaji naye hulaumiwa, kumbe pampu ni nzima. Makala haya yanaeleza sababu yake kwa msaada wa nakala ya chombo cha kale cha kupimia kanieneo ya hewa, yaani baromita.

Asili ya chombo

Mafundi wa Italia walikuwa wameona kwamba pampu zao haziwezi kufyonza maji kupita kimo cha mita 10 hivi. Wengi waliamini kuwa utupu ulio ndani ya bomba ndio uvutao maji. Evangelista Torricelli wa Florence alifikiri vingine: hewa ina uzito, na uzito huo, ukiyakandamiza maji yaliyo nje ya bomba, ndio unaoyasukuma kwenda juu.

Alichagua zebaki, ambayo uzito wake ni kama mara 13 na nusu ya ule wa maji. Mrija wa kioo uliozibwa ncha moja ulijazwa zebaki, ukafunikwa kwa kidole, kisha ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama kwenye kimo cha sentimita 76 hivi. Jaribio hilo alilieleza katika barua yake ya tarehe 11 Juni, 1644.

Nakala yake

Barua hiyo ndiyo mwongozo wa watengenezaji wa nakala. Nakala kamili ina mirija miwili: mmoja umenyooka, na wa pili una tufe la kioo kwenye ncha ya juu. Ingawa utupu ndani ya tufe ni mkubwa zaidi, zebaki husimama kimo kimoja katika mirija yote miwili. Lau utupu ungekuwa ndio uvutao, mrija wenye tufe ungevuta zaidi.

Mwaka 1648, shemeji yake Blaise Pascal alipanda na mrija kama huo mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na zebaki ikashuka kwa sentimita 8 hivi. Ikadhihirika kwamba kadiri tupandavyo, kanieneo ya hewa hupungua.

Tahadhari: mvuke wa zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje baromita za zebaki. Anayetaka nakala ya mafunzo atumie maji. Achukue mpira mgumu unaoonyesha ndani, wa mita 12, aujaze maji pasibaki hewa, azibe ncha zote mbili, kisha aifungue ya chini ndani ya ndoo ya maji. Ncha ya juu ikivutwa kwa kamba ukutani mwa jengo refu, maji yatajitenga na ncha hiyo. Huko pwani yatasimama karibu na mita 10. Arusha, iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hayatafika mita 9.

Mafunzo kwa vyama

Pampu ya kufyonza huondoa hewa bombani tu. Anayepandisha maji ni hewa iliyo nje. Kwa kuwa viungo huvujisha hewa na maji husuguana na bomba, isitegemewe kupita mita 7, na nyanda za juu pungufu ya hapo. Kipimo kianzie kwenye pampu hadi uso wa maji, wakati wa kiangazi, maji yakiwa yanatekwa. Kina kikizidi, inatakiwa pampu inayozamishwa majini ili isukume kutoka chini.

Kwa hiyo, kabla kamati haijaidhinisha fedha, katibu na apime kisima kwa kamba yenye jiwe, na kipimo hicho kiandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Kamba haina gharama. Pampu isiyofaa hulipwa kwa jasho la wanachama wote.