Je, Wajua? Msimbo wa injini hautaji kipuri kilichokufa

Je, wajua kwamba msimbo unaosomwa na mashine ya fundi hutaja dalili tu, wala hausemi ni kipuri gani kibadilishwe? Chukua P0171, wenye maana kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inavyohitaji. Katika magari mengi, kompyuta hukadiria petroli kwa kutegemea sensa inayopima hewa iingiayo. Fundi akibadilisha ea klina kisha akaacha mpira wa hewa umelegea, hewa huingia baada ya sensa hiyo bila kupimwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huigundua, na taa ya injini kwenye dashibodi huwaka. Kwa hiyo, taa ikiwaka baada ya sevisi, anza kukagua palipoguswa: mipira, klipu na soketi za nyaya.

Wapo wanaoona ni rahisi zaidi kufuta msimbo. Lakini kufuta hakuzibi tundu: taa itarudi, na kumbukumbu ya hali ya injini wakati wa hitilafu itakuwa imepotea. Wengine husema sensa nayo huzeeka. Ni kweli, na huweza kufa hata siku ya sevisi. Ila kukaza klipu hakugharimu kitu, kununua sensa kunagharimu. Taa ikimetameta, usisubiri: injini inamisi, na petroli isiyoungua huweza kuharibu masega ya ekzosi. Simama mahali salama, zima injini, ita fundi.