GTA San Andreas: Ilitufunza mazoezi, ikatumalizia jero zetu

LIGI imesimama kupisha mechi za timu za taifa, na shabiki asiye na mechi ya wikiendi ni mtu wa kuonewa huruma. Wapo wanaofua, wapo wanaokumbuka kwenda kuwasalimia wakwe. Mimi nilirudi kwa CJ.

Unamjua CJ. Kama ulikulia karibu na kibanda cha gemu, yule jamaa wa singlendi nyeupe na jinzi ya bluu umewahi kumkimbiza mitaani huku polisi wakiwa nyuma yake. Jina lake kamili ni Carl Johnson, mhusika mkuu wa Grand Theft Auto: San Andreas. Ni mwaka 1992, mama yake ameuawa, naye anarudi nyumbani Los Santos kukuta genge lake limechoka na mtaa umechukuliwa na wapinzani.

Gemu hiyo ilitoka Oktoba 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, kazi ya vijana wa Rockstar North, kule Edinburgh, Scotland. Imeuza zaidi ya nakala milioni 27. Hapo hatujazihesabu zile diski za kuchoma zilizokuwa zikizunguka mtaani kwetu.

Safari hii nimeicheza kama ninavyoangalia mechi. Nimetaka kujua ina nguvu wapi, inapwaya wapi, na kama ningekuwa kocha ningeipanga au ningeiweka benchi.

MAZOEZI YANALIPA

Tuanze na sifa. Katika gemu nyingi za mpira unamkuta mchezaji ameshapewa namba zake. Huyu ana kasi 90, yule ana mashuti 85, basi. San Andreas inakupa mtu wa kawaida na kukuambia, mtengeneze mwenyewe.

Mpeleke CJ jimu akanyanyue vyuma, misuli inajaa na ngumi zake zinaanza kuuma. Mkimbize, pumzi inaongezeka. Mlishe pizza na kuku wa kukaanga asubuhi, mchana na jioni, kitambi kinatoka na mbio zinaisha. Mnyime chakula, mafuta yanakwisha, kisha misuli nayo inaanza kuyeyuka. Jimu yenyewe ina kikomo chake. Ukizidisha mazoezi kwa siku moja, unaambiwa urudi kesho.

Hata silaha na magari viko hivyo hivyo. Unavyotumia bastola mara nyingi ndivyo unavyolenga vizuri, na ukifika daraja la juu CJ anashika mbili kwa mpigo. Ukiendesha sana pikipiki, unaanguka mara chache.

Shabiki wa soka anaelewa hilo bila kufundishwa. Tumewaona mastraika wakirudi kutoka likizo na kilo za ziada, na tumewaona wakipigwa mabao ya wazi na pumzi. San Andreas iliweka somo hilo mikononi mwa watoto, na hakuna aliyelalamika kwamba anafundishwa.

UWANJA HAUNA MISTARI

Sifa ya pili ni uwanja. Kuna miji mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na katikati yake kuna vijiji, milima na jangwa. Unatoka mji mmoja hadi mwingine bila kusimamishwa usubiri. Katika GTA Vice City, iliyotangulia, shujaa wetu akitumbukia tu kwenye maji amekufa. CJ anaogelea na kupiga mbizi.

Ndiyo maana mtu alikuwa anaweza kukaa saa nzima bila kufanya lolote la maana na bado akatoka akiwa na furaha. Alipanda baiskeli, akapanda mlima, akaruka kwa parachuti. Ni kama namba 10 aliyeambiwa na kocha acheze popote anapojisikia.

TRENI ILIYOTUFILISI

Sasa tuje kwenye udhaifu, na hapa kila aliyecheza ameshajua ninakokwenda. Ni ile misheni ya treni.

Big Smoke anapanda nyuma ya pikipiki yako. Juu ya treni kuna wapinzani wa genge la Vagos. Kazi yako ni kuifukuza treni ili Smoke awapige risasi. Ukikwama kwenye nguzo au ukichelewa, treni imekwenda na misheni imekufa. Halafu Smoke anakusema kana kwamba yeye alilenga vizuri!

Kushindwa si kosa. Hata timu kubwa zinafungwa. Kosa la gemu hii ni kinachofuata baada ya kushindwa. Katika toleo lile la PlayStation 2 hakuna kituo cha katikati. Ukiuawa unaamkia hospitali, silaha zako zimechukuliwa na pesa imekatwa. Unatafuta gari, unaendesha hadi kwa Smoke, unaangalia tena mazungumzo au unayaruka, ndipo unaanza upya. Ni sawa na timu iliyofungwa dakika ya 89 kuambiwa ianzie safari ya basi kutoka mkoani kwao.

Kwa mtoto mwenye PlayStation sebuleni, huo ni usumbufu tu. Kwa sisi wa kibandani ilikuwa hela. Jero yako ilikuwa na muda wake, na muda huo uliishia barabarani ukirudi kwa Smoke.

"Dogo, muda umeisha."

"Anko, niongezee dakika mbili tu, namalizia treni."

"Treni gani? Wenzako wanasubiri PES hapa."

Pedi inachukuliwa, na kwa kuwa hukusevu, kesho unaanza palepale. Na hata ukisevu, memori kadi ni ya kibanda. Wewe si wa kwanza kukuta kazi yako ya wiki imefutwa na mtu aliyetaka nafasi ya ligi yake ya PES.

Matokeo yake tulikimbilia kodi. Daftari la Hisabati lilikuwa na kurasa mbili za nyuma zilizojaa R1, L2, duara na pembetatu. Waulize vijana wa rika langu namna ya kuita kifaru, watakujibu wakiwa usingizini. Waulize hadithi iliishaje na nani alimsaliti CJ, wengi watakuangalia tu.

Hapo ndipo udhaifu ulipouma. Gemu yenye hadithi nzito kiasi kile, wengi wetu hatukuiona ikifika mwisho.

DAWA ILIKUWA NDANI

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba waliotengeneza walikuwa na jibu. Mbele ya safari CJ analazimika kupita chuo cha urubani. Mitihani ile ni migumu, watu wengi waliishia pale. Lakini ukifeli mtihani, unarudia hapohapo. Hakuna hospitali wala safari. Ugumu ni uleule, ila unakuheshimu.

Kasoro nyingine ni ndogo kidogo. Ukibonyeza kulenga adui, mara nyingine CJ anamlenga mpita njia, kama kiungo anayempasia refa. Na ule uhuru wa mjini unapotea ukianza misheni. Nje una njia mia, ndani mara nyingi unayo moja.

Toleo la simu lililotoka Desemba 2013 liliweka vituo katikati ya misheni. Ilichukua miaka tisa! Toleo jipya la 2021 nalo linakuruhusu kurudia mara moja ukishindwa, ingawa lilikuja na kasoro nyingi za sura na mvua hadi Rockstar wakaomba radhi hadharani.

NAMPANGA AU BENCHI?

Nampanga, tena anaanza. Mchezaji anayekufanya upende mazoezi na kukupa uwanja mzima haachwi nje kwa sababu ya hasira zake. Ila kwa anayeanza leo, nashauri achukue toleo lenye vituo. Vitufe vya kwenye kioo cha simu vinasumbua, lakini hutarudishwa hospitali kila dakika.

Na ukifika kwenye treni, usiibane. Kaa kulia, iache nafasi kidogo, ili Smoke apate pembe ya kupiga juu. Juzi nilifanya hivyo nikapita mara ya kwanza. Nilijikuta nageuka kumtafuta anko wa kibanda nimuoneshe.