Saratani ya ovari: Kipimo cha damu kinabainisha nini?

Kwa wanawake wengi wanaotibiwa katika hospitali za Johannesburg, Afrika Kusini, karatasi ya majibu ya kipimo cha damu kiitwacho CA-125 ni karatasi inayosubiriwa kwa hofu. Kipimo hicho hutumika katika uchunguzi wa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Hata hivyo, tarakimu inayoandikwa kwenye karatasi hiyo haitoshi peke yake kuthibitisha kuwa mtu ana saratani, wala kumhakikishia kuwa hana.

Zaidi ya wanawake 320,000 hugunduliwa kuwa na ugonjwa huo duniani kila mwaka, na zaidi ya 200,000 hufariki dunia. Sababu kubwa ni kuchelewa. Ovari zimejificha ndani ya nyonga, na dalili zake hufanana na maradhi ya kawaida: tumbo kujaa na kuvimba, kushiba upesi, maumivu ya chini ya kitovu na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mgonjwa aghalabu hupewa dawa za tumbo kwa miezi kadhaa kabla ya kufanyiwa uchunguzi wa kina.

CA-125 ni protini inayoweza kupimwa katika damu. Mwaka 1981, Dakta Robert Bast na wenzake mjini Boston, Marekani, walitangaza kupata kingamwili inayoitambua protini hiyo. Kingamwili hiyo ilikuwa ya 125 katika mfululizo wa majaribio yao, na ndiyo asili ya jina hilo. Mwaka 1983 walionyesha kwamba kiwango chake katika damu hupanda na kushuka kulingana na hali ya ugonjwa. Tangu wakati huo, uniti 35 kwa kila mililita moja ya damu zimekubalika kuwa mpaka wa kiwango cha kawaida.

Kifua kikuu chachanganya majibu

Tatizo ni kwamba protini hiyo haitolewi na saratani pekee. Utando unaofunika viungo vya tumbo nao huitoa unapopata uvimbe au maambukizi. Kiwango chake hupanda wakati wa hedhi na ujauzito, au mwanamke anapokuwa na uvimbe usio wa saratani katika mji wa mimba, maambukizi ya nyonga au ugonjwa wa ini.

Kwa Afrika Kusini, iliyo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, jambo hilo lina uzito wa pekee. Kifua kikuu kinapoingia tumboni, maji hujaa, mgonjwa hukonda, na CA-125 inaweza kufikia mamia ya uniti, sawasawa na inavyokuwa kwa mgonjwa wa saratani. Daktari anayetegemea tarakimu peke yake anaweza kumpeleka kwenye upasuaji mtu ambaye angepona kwa vidonge. Ndiyo maana huhitajika kipimo cha mawimbi ya sauti, uchunguzi wa maji ya tumboni na, inapobidi, kipande cha nyama kinachotazamwa kwa darubini.

Upande wa pili, karibu nusu ya wanawake wenye saratani iliyo bado katika hatua ya kwanza huwa na kiwango cha kawaida.

Je, wanawake wote wapimwe?

Swali hilo lilichunguzwa kwa miaka mingi. Nchini Marekani, utafiti uliowahusisha wanawake 78,216 ulitoa matokeo yake mwaka 2011. Vipimo vya damu na vya mawimbi ya sauti havikupunguza vifo. Wanawake 3,285 waliambiwa kuna dalili ya kutia shaka ilhali hawakuwa na saratani. Kati yao 1,080 walifanyiwa upasuaji, na 163 walipata madhara makubwa.

Nchini Uingereza, wanawake zaidi ya 202,000 waliokwisha koma hedhi waliandikishwa kati ya mwaka 2001 na 2005. Matokeo ya mwisho, yaliyotangazwa mwaka 2021, yalionyesha kuwa kufuatilia mabadiliko ya CA-125 mwaka hadi mwaka kulisaidia kugundua ugonjwa mapema zaidi, lakini idadi ya vifo haikupungua kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo kipimo hicho hakipendekezwi kwa mwanamke asiye na dalili wala historia ya ugonjwa huo katika ukoo. Mwenye dalili zisizokwisha ni suala jingine: nchini Uingereza, tangu mwaka 2011, madaktari wanaelekezwa kuanza na kipimo hicho, hasa kwa waliofikia umri wa miaka 50.

Mahali kinapofaa zaidi ni baada ya ugonjwa kuthibitishwa. Kiwango kikishuka kwa nusu au zaidi wakati wa matibabu, ni ishara kwamba dawa zinafanya kazi. Kikianza kupanda tena, huenda saratani inarejea. Lakini hata hapo subira inahitajika: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa walioanzishiwa dawa mara tu kiwango kilipopanda hawakuishi muda mrefu kuliko waliosubiri dalili.

Walio katika hatari zaidi ni wanawake waliorithi kasoro katika jeni za BRCA1 na BRCA2. Mjini Johannesburg, kasoro hizo zinajulikana hasa katika koo za Makaburu na za Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, ingawa hakuna jamii isiyo nazo. Wanawake hao hushauriwa kufikiria kuondolewa ovari na mirija ya uzazi baada ya kumaliza kuzaa.

Uchunguzi wa mlango wa kizazi, unaofanyika katika zahanati nyingi, hauwezi kugundua saratani ya ovari. Mwanamke aliyeambiwa kuwa mlango wake wa kizazi ni salama, na tumbo lake bado linavimba wiki baada ya wiki, anapaswa kurudi kwa daktari na kueleza hivyo.