Kuiondoa rufaa si kuikimbia

Tuseme mchuuzi wa samaki wa Lowarengak, kule juu ziwani karibu na mpaka wa Ethiopia, ameshindwa kesi ya deni mbele ya hakimu. Akakata rufaa katika Mahakama Kuu ya Lodwar ndani ya zile siku 30 za sheria. Sasa nauli zimemwisha na anataka kuiacha. Wengi hudhani kuiacha ni kutotokea tu siku ya kusikizwa. Hapo ndipo watu huangamia: rufaa hutupwa, na gharama za mwenzako zikakuangukia.

Njia yenyewe ni kuandika ilani ya kuiondoa, kuipeleka masjala na kumpa nakala aliyekushinda. Ukishaiondoa, hukumu ya hakimu husimama kama ilivyokuwa. Na kama uliweka dhamana ya pesa ili usikamatiwe mali, mwenzako anaweza kuidai.

Je, gharama? Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai chasema gharama humfuata aliyeshindwa, ila mahakama ikiona sababu nzuri ya kuamua vingine. Katika kesi ya Rai ya mwaka 2014, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa gharama si adhabu, ni kumfidia mwenzako kwa taabu aliyoipata. Basi ukiiondoa mapema, kabla wakili wake hajaandika hoja wala kusafiri, taabu hiyo ni ndogo. Ukingoja hadi asubuhi ya kusikizwa, usitarajie huruma.

Ndugu yangu, mpigie mwenzako kwanza. (Wazee wapo pia, na kifungu cha 159 cha Katiba chautambua upatanishi wao.) Mkikubaliana kila mtu abebe gharama zake, yaandikwe, mtie sahihi nyote, na mahakama iyapitishe. Maneno ya simu hayakufai kitu.

Msipokubaliana, wakili wake ataleta hesabu, na Naibu Msajili ataipitia kipengele kwa kipengele. Nenda siku hiyo, kwani vingi hupunguzwa mtu akipinga. Ukikaa kimya, mahakama yaweza kuongeza riba isiyozidi asilimia 14 kwa mwaka, kisha madalali waje kwa mali yako.

Ukilipa, dai risiti iliyotiwa sahihi na nakala uipeleke masjala, iwekwe ndani ya faili.