Kumfundisha mtoto nyumbani: Uanzie wapi ukiwa Mosocho?

JE, mpenzi msomaji, umewahi kulifungua daftari la mwanao la hesabu jioni ukagundua kwamba hajui alichokiandika? Kila jibu limewekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu, lakini ukimwuliza robo ya chungwa ni kipande kipi, anatazama dari. Wazazi wengi huguna tu wakaendelea na shughuli zao. Wachache husema, "Huyu namtoa shuleni, nitamfundisha mwenyewe."

Ukiwa miongoni mwa hao wachache, makala haya ni yako. Hayakusudii kukuvunja moyo, wala kukusukuma. Yanakusudia kukuonyesha mambo ambayo aghalabu mzazi huyagundua akiwa amekwisha kuigawa sare ya shule kwa watoto wa jirani. Nawaza hasa juu ya mzazi wa mjini aliye na boma mashambani, mahali kama Mosocho, ambaye anatamani watoto wahamie huko wasome chini ya mparachichi, mbali na kelele na moshi wa magari.

Mosocho si kijiji kilichotupwa. Iko kwenye barabara kuu itokayo Kisii mjini kuelekea Oyugis na Kisumu. Hapo ndipo ilipo Shule ya Upili ya Cardinal Otunga, iliyopewa jina la Maurice Otunga, Mkenya wa kwanza kufanywa kadinali, mwaka 1973. Na Wagusii hawafanyi mzaha na shule; mtu huuza ng'ombe wa maziwa ili kijana asirudishwe nyumbani kwa karo. Kwa hivyo siku utakapomwambia baba mkwe kwamba wajukuu wake hawataenda shuleni tena, usishangae akikuuliza kwa sauti ya chini, "Mmeshindwa na karo?" Mzee huyo ndiye mtu wa kwanza unayepaswa kumweleza vizuri, kwa sababu nyuma yake yuko naibu wa chifu, na nyuma ya naibu wa chifu iko sheria.

Tuanze na hiyo sheria, maana ndiyo fundo lenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbele zaidi. Kifungu chake cha 30 kinamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto anahudhuria shule mara kwa mara, tena kama mwanafunzi wa shule. Mzazi anayekwenda kinyume anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Mtoto asipoonekana darasani, mwalimu mkuu anatakiwa achunguze ni kwa nini.

Si maneno ya kwenye karatasi tu. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa Butere, katika kaunti ya Kakamega, alikamatwa kwa kuwafundisha watoto wake nyumbani. Yeye na mwenzake walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuvipinga vifungu vya 28 na 30 vya sheria hiyo, wakidai kwamba mzazi ana haki ya kuchagua namna mwanawe atakavyoelimishwa. Wapo Wakenya wanaosomesha watoto nyumbani miaka na miaka bila kubishiwa hodi, hasa mijini, lakini kutobishiwa hodi si kuruhusiwa. Mjini jirani hajui kama mwanao ni wa shule gani. Mosocho kila mtu anajua, na mtoto akionekana sokoni saa nne asubuhi ya Jumanne, habari itafika.

Fundo la pili ni mtihani. Zamani, tangu 1985 hadi 2023, mambo yote yaliishia kwenye KCPE, mtihani mmoja mwishoni mwa miaka minane. Mfumo wa umilisi umebadilisha hayo. Mtoto wa gredi ya 9 anapofanya mtihani wa KJSEA, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, karatasi zenyewe zinabeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutoka katika KPSEA aliyoifanya gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine hutoka katika tathmini alizofanyiwa shuleni akiwa gredi ya 7 na ya 8. Unaona mtego ulipo? Alama zinakusanywa miaka kadhaa kabla, na wanaozikusanya ni walimu wa shule iliyosajiliwa. Mtoto aliyekaa nyumbani muda huo wote, hata akiwa na akili ya kukata kama wembe, hana aliyemwandikia.

Ndiyo maana baadhi ya familia zinazosomesha nyumbani hukwepa mtaala wa Kenya, zikachukua ule wa Kiingereza wa Cambridge au vitabu vya ACE kutoka Marekani. Njia hiyo ipo, lakini piga hesabu kwanza. Mitihani ya Cambridge hulipiwa somo kwa somo, kwa bei inayopanda na kushuka pamoja na pauni, na hufanyiwa katika vituo maalumu, si katika shule iliyo kando ya shamba lako. Mzazi mwenye watoto watatu ataihisi mfukoni.

Yuko mzazi mmoja ambaye mlango wake ni tofauti, naye ni yule mwenye mtoto ambaye ugonjwa au ulemavu unamzuia kufika shuleni. Huyu asijifiche. Tangu mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, nchi hii imekuwa na vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo walimu huviita EARC. Mtoto hupimwa na mzazi huelezwa ni shule au msaada gani unaomfaa. Sera ya serikali ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inayatambua masomo ya nyumbani kwa mtoto wa namna hii. Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, uliza kituo kiko wapi, na ubebe karatasi za hospitali. Inasikitisha kwamba mtoto wa namna hii bado hufungiwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja.

Sasa, ikiwa mwanao ni mzima na bado moyo wako unataka kumfundisha, nakushauri njia ya katikati: mtoto abaki katika rejista ya shule, na nyumbani pawe shule ya pili. Kamwone mwalimu mkuu kabla hajasikia kutoka kwa wengine. Nenda kwa adabu, si kwa kumshtaki. Mwambie, "Mwalimu, mtoto huyu hesabu zinamlemea, nataka kumsaidia nyumbani. Mnafundisha nini muhula huu?" Ukiondoka hapo pitia kwenye tovuti ya taasisi ya mitaala, KICD, ambako miundo ya mtaala wa kila gredi hupatikana bila malipo. Kila muundo hueleza mtoto anatakiwa awe na uwezo wa kufanya nini, na kwa mzazi hilo lina faida kuliko rundo la vitabu vya marudio.

Kuhusu watu wa kukusaidia, utawapata pale pale. Tafuta mwalimu mstaafu, mwenye subira na muda wa kukaa, anayejua mtoto wa miaka minane hukwama wapi kwenye kugawanya. Maktaba ya umma iko Kisii mjini, safari fupi ya matatu. Makanisa yana kumbi ambazo siku za wiki hukaa tupu. Akina mama wa chama chako wana watoto wa rika moja na wako. Lakini jihadhari hapa. Ukianza kuwakusanya watoto wa majirani kila siku na kuwatoza ada, umekwisha kufungua shule bila usajili, nalo ni kosa. Sheria ile ya 2013 imepiga marufuku pia masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayefundisha kwa malipo anatakiwa awe amesajiliwa na TSC. Kikundi chenu kiwe cha kusoma hadithi na kusaidiana, mzazi akiwa na wanawe, basi.

Na mtafundisha nini? Watu hudhani kumfundisha mtoto nyumbani ni kumkalisha mezani saa nane kama karani. Saa mbili za makini zamtosha mtoto mdogo. Yanayobaki yako nje. Mpeleke soko la Daraja Mbili na shilingi 300 na orodha ya vitu vitano, yeye ndiye alipe na ahesabu chenji. Mkungu wa ndizi una vichana vingapi, na kila kichana kikiuzwa shilingi kadhaa, mchuuzi anapata faida gani baada ya nauli? Mtoto aliyeshindwa na kuzidisha ubaoni utamsikia akibishana bei. Mvua ikinyesha, mwonyeshe udongo unavyoteremka kwenye mteremko usio na nyasi, na unavyozuiwa na matuta ya sokoro wake. Mwache aketi na magokoro wakichambua chinsaga, amweleze chinsoni, yale mambo ya heshima kati ya wazazi na watoto. Mtoto aliyelelewa Umoja au Pipeline hana pengine pa kujifunzia Ekegusii chake.

Kama ulikuwa miongoni mwa waliowapeleka watoto kwa nyanya mwaka 2020, unayakumbuka haya. Shule zilifungwa mwezi wa Machi. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi Oktoba 12, na waliobaki wakangoja hadi Januari 4, 2021. Masomo yalikuwa redioni na kwenye televisheni, lakini redio haimwulizi mtoto kama ameelewa. Palipokuwa na mtu mzima mmoja wa kuketi naye kila siku, hata kwa saa moja, mtoto hakurudi mtupu.

Basi ijaribu likizo ya Novemba na Desemba kabla hujaamua lolote. Panga wiki nne Mosocho, saa mbili asubuhi, baada ya chai. Wewe, au shangazi yao aliyemaliza kidato cha nne, ndiye mwalimu. Wiki ya kwanza itakuwa ya vicheko na ya pili ya machozi. Ikifika ya tatu, tazama ni nani anayetafuta kisingizio, mtoto au wewe. Iwapo ni wewe, uwanja wa shule hufunguliwa Januari.